RAM Iliyovuka Maji: Mazungumzo na Wenye Saiba na Mafundi wa Lamu

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliojibana pale mlangoni. Masalkheri. Nimeombwa niseme juu ya RAM za kompyuta za mezani, vile vipande vya kumbukumbu ya muda, namna ya kuchagua zinazotegemeka. Nimeombwa pia nisirefushe, maana Isha haiko mbali. Hilo la kwanza naliahidi.

Mwenzetu wa Nairobi akinunua RAM pale Luthuli Avenue, akafika ofisini ikakataa, jioni hiyo hiyo yuko tena kwa muuzaji. Sisi je? Kipande kikitoka Mombasa kimepanda basi, kimepita Malindi na Garsen na Witu, kimeshuka Mokowe, kimepanda boti, kimefika gatini na kubebwa mpaka Langoni au Mkomani. Na kama mwenyewe yuko Faza au Kizingitini, bado kina bahari nyingine mbele yake. Kikikataa, safari yote hiyo inarudiwa kinyume, nauli ni yako, na ukifika dukani muuzaji anakutazama usoni na kukwambia, "Hapa kwangu ilitoka nzima." Utabishana naye kwa ushahidi gani?

Kwa hivyo mimi nikizungumza habari ya RAM inayotegemeka sianzi na jina la kampuni wala na kasi. Naanza na mambo mawili: kipande kiwe kinakubaliana na mashine yako, na kiwe kimepimwa kabla hakijavuka maji. Mwenye haraka anaweza kuondoka sasa, ameshapata alichokijia. Waliobaki tuendelee.

Faili ukiifungua inanakiliwa kutoka kwenye diski na kuwekwa kwenye RAM, na prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanyia kazi humo. Hilo mnalijua. Ambalo wengi hawalijui ni jinsi kitu hiki kilivyo dhaifu kwa asili yake. Kila biti moja, yaani sifuri au moja, hukaa ndani ya kijumba chenye transista moja, swichi ndogo, na kapasita moja inayoshika chaji. Muundo huo ni wa Robert Dennard, mhandisi wa IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1968, na mpaka leo, pamoja na mbwembwe zote za DDR5, kizazi kipya cha RAM baada ya DDR3 na DDR4, msingi ni ule ule. Kapasita ikiwa na chaji ni moja, ikiwa tupu ni sifuri. Taabu yake ni kwamba inavuja. Ni mtungi wenye ufa: usipoujaza tena na tena, unakauka. Basi kompyuta inavipitia vijumba vyote na kuvijaza upya, kwa DDR3 na DDR4 angalau mara moja kila milisekunde 64, wakati wote mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika hakuna wa kujaza, na ile barua uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda zake.

Sasa hesabuni. Kipande cha GB 8 kina vijumba zaidi ya bilioni 68, na vyote vinatakiwa vishike chaji mpaka zamu yao ya kujazwa ifike. Kimoja tu kikivuja kuliko wenzake, una ugonjwa. Na ugonjwa wa RAM haujitangazi kama wa diski. Diski mbovu inalia, inachelewa, inakataa. RAM mbovu inakupa jibu la uongo kwa uso mkavu.

Nitoe mfano mmoja, na walimu wausikilize vizuri. Katika faili ya maandishi ya kawaida, tarakimu 9 huandikwa kwa biti hizi: 00111001. Tarakimu 1 ni 00110001. Tazameni tofauti iko wapi: ni biti moja peke yake. Mtoto ana alama 91. Kijumba kimoja kikipoteza chaji mahali hapo, faili ikahifadhiwa, mtoto ana 11. Hakuna onyo, hakuna skrini ya buluu, hakuna lolote. Mzazi atakuja shuleni amekasirika, na mwalimu ataapa kwamba aliandika sawasawa, na kweli aliandika sawasawa. Ndiyo maana mimi mashine ikizima kwa sababu ya RAM nasema heri. Ya kuogopwa ni ile isiyozima.

Seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine, zina dawa ya hili. Zinatumia RAM za ECC, zenye biti za ziada za kukagua, zikaweza kusahihisha kosa la biti moja hapo hapo. Kompyuta nyingi za mezani hazina hiyo. Na msidhani ni jambo la nadra. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walichapisha utafiti uliofuatilia seva za Google kwa miaka miwili na nusu. Waliona zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata kosa angalau mara moja kwa mwaka. Wakaona pia kwamba kipande kilichowahi kukosea kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena. Hilo la pili ndilo la fundi. Ukiona kosa moja kwenye kipimo, usijiambie "imepitiwa tu". Kipande hicho hakifai kazi ya mteja.

Haya. Sasa naomba hivi vipande nilivyokuja navyo vipitishwe. Shikeni kingo zake, msishike yale meno ya dhahabu. Kijana wewe, mulika kwa simu, usome lebo kwa sauti.

Anasoma: "8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11." Vizuri. Wengi wakiona hivyo wanasoma "8GB" wanaishia hapo. Mimi nawaambia habari yote muhimu iko baada ya hapo. PC4 maana yake ni DDR4. Ingekuwa PC3, ni DDR3. PC5, ni DDR5. 2400 ndiyo kasi. 1R ni safu moja ya chipu, na x8 ni kwamba kila chipu inatoa biti nane kwa mpigo. Halafu njooni kwenye hiyo herufi U iliyoanza fungu la "UA2". Hiyo U ndiyo inayokwambia ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Mahali hapo pakiwa na R, ni ya seva. Pakiwa na E, ni ya mezani lakini ina ECC. Pakiwa na S, ni ya laptopu, fupi, na utaijua kwa urefu wake hata bila kusoma.

Kwenye DDR3 lebo inasomeka tofauti kidogo: "PC3-12800U". Hiyo 12800 isiwababaishe, ni megabaiti kwa sekunde. Gawanyeni kwa 8 mpate 1600, ambayo ndiyo kasi yenyewe tunayoitaja. Na 10600 ni 1333.

Kwa nini nawashikilia hapa kwenye R na U? Kwa sababu RAM za seva zinamiminika sokoni. Makampuni makubwa yanabadilisha seva zao, vipande vinauzwa kwa mafungu, vinafika kwetu kwa bei nzuri na majina makubwa: Samsung, Hynix, Micron, halisi kabisa, si bandia. Kipande cha R cha DDR4 kinaingia kwenye sloti ya kompyuta ya mezani bila kulazimishwa, mkato uko mahali pake, vishikizo vinafunga. Unawasha, mashine haionyeshi kitu. Utalaumu bodi, utalaumu pawa saplai, utafungua kila kitu, na kosa lilikuwa herufi moja. Kama lebo imebanduka, hesabu chipu kubwa zilizopangwa sawa kwa safu: zikiwa nane au kumi na sita, endelea kuuliza, zikiwa tisa au kumi na nane, ile ya ziada ni ya ECC, na kwa mashine za saiba kirudishe tu mezani kwa muuzaji.

Kuna mtego wa pili, nao hauonekani kwa macho. Vipande vya DDR3 vya GB 8 vinavyouzwa bei ya kutupa, muuzaji mwaminifu atakwambia "hii ni ya AMD tu", na asiye mwaminifu atanyamaza. Vimetengenezwa kwa chipu 16 za upana wa biti nne, x4 badala ya x8. Mashine za mezani zenye prosesa ya Intel hazizikubali. Na kipande kizuri cha kawaida cha GB 8 cha DDR3 nacho mara nyingi kina chipu 16, kwa hivyo kuhesabu hakutakusaidia. Kama lebo haitaji 2Rx8 au 1Rx8, na bei inakuvutia mno, sharti ukione kikiwaka kwenye mashine ya Intel kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Mtego wa tatu ni volti. DDR3 ya kawaida inataka volti 1.5. Ipo DDR3L, ile iliyoandikwa PC3L, inayofanya kazi kwa 1.35. DDR4 ni 1.2, DDR5 ni 1.1. PC3L kwa kawaida inakubali kuendeshwa kwa 1.5 pia, kwa hivyo ukiiweka kwenye mashine ya zamani hakuna tatizo. Kinyume chake ndiyo balaa. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zinakubali DDR4 na DDR3L, lakini hazikutengenezewa ile DDR3 ya 1.5. Dell OptiPlex 3040, ambayo naiona kwenye saiba nyingi, ni ya kundi hilo. Fundi anaona sloti ya DDR3, anachomeka DDR3 aliyonayo. Mkiwa na shaka nunueni PC3L.

Na kwa kuwa nimetaja Dell: hizi mashine za mtumba tunazoziita Ex-UK, zijueni kwa namba. EliteDesk 800 G1 ya HP ni DDR3, G2 ni DDR4. OptiPlex 9020 ni DDR3, 7040 ni DDR4. Lakini jina lisiwe mwisho wa uchunguzi. Dell walitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, ya DDR3, wakalirudia jina hilo hilo mwaka 2023 kwa mashine ya kizazi kingine kabisa. Mteja wa Shela akikupigia simu akasema "yangu ni 7010", mwambie afungue kifuniko akupigie picha ya RAM iliyomo. Na zile mashine ndogo ndogo za kubandika nyuma ya skrini zinatumia RAM fupi za laptopu ingawa zinaitwa za mezani.

Sasa majina. Najua hili ndilo mlilolijia.

Wanaotengeneza chipu zenyewe kwa wingi duniani ni watatu: Samsung na SK hynix wa Korea Kusini, na Micron wa Marekani. Wapo wengine wadogo. Kampuni kama Kingston, iliyoanzishwa California mwaka 1987, haina kiwanda cha chipu za RAM. Inanunua chipu, inaunda kipande, inapima, inatia jina. Corsair vivyo hivyo. Hiyo si aibu, kupima ndiyo kazi, na dhamana yao ya maisha ya bidhaa ni kitu cha maana mradi una risiti na muuzaji anayeitambua. Lakini ina maana kwamba jina lililoko kwenye bati la nje si lazima liwe la aliyetengeneza kilichomo ndani, na vipande viwili vya namba moja vilivyonunuliwa kwa nyakati mbili vinaweza kuwa na chipu tofauti.

Msimamo wangu ni huu, na fundi mwenzangu pale anatikisa kichwa kabla sijamaliza. Kati ya kipande cha kijani kilichotumika, uchi, chipu zake za Samsung au Hynix zinasomeka, kimetolewa kwenye mashine ya ofisi, na kipande kipya cha jina nisilolijua, kimevishwa bati jekundu na taa za rangi, mimi nachukua cha kijani. Bati lile kwa mashine ya ofisi halipoozi kitu cha maana. Kazi yake kubwa ni kunizuia nisione chipu. RAM haina kitu kinachozunguka ndani yake kikalika. Iliyofanya kazi miaka mitano kwenye ofisi ya watu Uingereza bila kosa imeshajieleza. Kwa kipya cha jina linalojulikana, kutoka kwa muuzaji anayejulikana, sina neno. Hicho ndicho bora kuliko vyote kama pesa ipo.

Na pesa ndiyo habari ya siku hizi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepanda kwa nguvu, kwa sababu viwanda vinageuza uwezo wao kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, ambavyo vinanunua bila kuuliza bei. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaacha biashara ya Crucial, lile jina lao la kuuzia watu wa kawaida. Walisema dhamana wataendelea kuziheshimu, kwa hivyo ukikuta Crucial dukani usiikimbie. Ninalotaka kusema ni kwamba kitu kikiwa ghali, stika za uongo nazo zinaongezeka. GB 4 inabandikwa stika ya 8. 1333 inabandikwa 1600. Stika ni karatasi. Ukweli uko kwenye chipu ndogo ya pembeni iliyohifadhi maelezo ya kipande, na programu ya bure kama CPU-Z inaisoma: ukubwa, kasi, mtengenezaji. Hata hiyo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuichezea, lakini wa stika hajafika huko.

Kasi nitaipitia haraka kwa sababu kwa wengi wenu haina maana. Prosesa ya kizazi cha sita inaendesha DDR4 kwa 2133. Ukiiwekea ya 3200, itakwenda 2133. Hizi Dell na HP za ofisi hazikupi nafasi ya kuongeza. Afadhali pesa hiyo uitie kwenye ukubwa, au ununue vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kwa sababu viwili vikikaa kwenye sloti zinazolingana, mara nyingi zenye rangi moja, prosesa inasoma vyote kwa pamoja. Mashine zisizo na kadi ya picha zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ukubwa: GB 8 kwa karani na saiba ya kawaida, 16 kwa anayefungua kurasa thelathini za eCitizen na KRA kwa pamoja huku anahariri picha za pasipoti. Zaidi ya hapo niambieni kwanza mnafanya kazi gani.

Tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

"Imewaka" si kipimo. Windows kufunguka kunagusa sehemu tu ya RAM. Kipimo ni Memtest86+, programu ya bure, unaiweka kwenye fleshi, unawasha mashine kwa fleshi hiyo, Windows haiingii kabisa. Inaandika ruwaza za biti kwenye kila kijumba, inasoma, inalinganisha, inabadilisha ruwaza, inarudia. Iacheni usiku kucha. Asubuhi idadi ya makosa iwe sifuri. Si moja, si "matatu tu kati ya mabilioni". Sifuri. Likitokea kosa, msitupe bado. Toeni vipande vyote, pimeni kimoja kimoja kwenye sloti ile ile. Kikikosea kimoja, ndicho. Vikikosea vyote, hamisheni sloti. Pengine mgonjwa ni bodi. Na umeme wetu mnaujua, ukikatika saa nane usiku kipimo kinaanza upya, kwa hivyo mashine iwe kwenye UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Asiye na fleshi aandike mdsched pale pa kutafutia kwenye Windows. Kile kipimo cha ndani ni chepesi zaidi, lakini ni bora kuliko kuangalia dari.

Kuhusu joto. Kapasita inavuja haraka zaidi ikipata joto, na RAM ikipita nyuzi 85 inatakiwa ijazwe upya mara mbili zaidi. Ule utafiti wa Google haukuona joto likiwa na athari kubwa, lakini mashine zao haziko kwenye chumba cha bati mwezi wa pili, kaskazi imelegea, feni imejaa vumbi. Mteja akikwambia mashine yake inaganda kila baada ya adhuhuri, ipime adhuhuri, hapo hapo ilipo, usiibebe ukaipime usiku kwenye ubaridi kisha ukamwambia haina kitu. Dalili nyingine ya RAM ni kubadilika kwa malalamiko. Skrini ya buluu ikitoa ujumbe ule ule kila siku, shuku programu au dereva, ile programu ya kuendesha kifaa. Ikitoa leo huu, kesho ule, na Windows ukiipandisha upya inakwama mara asilimia 20, mara 70, shuku RAM.

Na kabla hujamshtaki muuzaji, kumbuka tunaishi wapi. Hewa yetu ina chumvi. Meno ya RAM yamepakwa dhahabu nyembamba sana, lakini uchafu na chumvi vinakaa juu yake na ndani ya sloti. HP nyingi za zamani zikilia mara tano na taa nyekundu ikipepesa mara tano, zinasema RAM haisomeki. Nimeona nyingi zimepelekwa kwa fundi kwa malalamiko hayo na hazikuhitaji kununuliwa kitu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza chaji iliyobaki, gusa chuma cha boksi, toa kipande, pangusa meno kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo, acha kikauke, kirudishe mpaka usikie vishikizo vikifunga. Ile raba ya penseli naiona kwa mafundi wengi. Inasafisha, sikatai, lakini inakwangua na dhahabu pia, na makombo yake yanabaki kwenye sloti. Spiriti haina madhara hayo.

Kipande cha akiba kisikae kwenye droo kimeviringishwa gazeti. Kiwe kwenye kile kifuko chake cha kuzuia umeme tuli, kisha ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na wanaovuka kutoka Mokowe: mfuko wa shati si mahali pa RAM. Boti ikipiga wimbi, umeoga wewe na RAM yako.

Sasa mpango wenyewe wa kununua kutoka mbali. Mpigie muuzaji, mtumie picha ya lebo ya kipande ulicho nacho. Mwambie unataka kinacholingana, U, na useme mashine ni Intel au AMD. Mwombe akipime kwa Memtest usiku mmoja na akutumie kwa WhatsApp picha ya skrini inayoonyesha ukubwa, kasi, duru zilizokamilika na makosa sifuri, pamoja na picha ya lebo ya kipande hicho hicho. Risiti iandikwe namba ya kipande na siku za kurudisha, na siku hizo zihesabu safari yetu, si siku mbili za watu wa mjini. Muuzaji akikwambia hana muda wa hayo kwa kipande kimoja, kusanyikeni saiba tatu nne mnunue pamoja, atapata muda. Mkikipokea, kipimeni tena siku hiyo hiyo, maana njiani kuna mengi.

Maswali yalikuwa mengi, niandike matatu.

Mwalimu mmoja aliuliza kama anaweza kuongeza GB 8 kando ya GB 4 iliyomo. Unaweza, mwalimu, zikiwa kizazi kimoja. Zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole, na sehemu ya RAM itasomwa kwa pamoja, iliyobaki peke yake. Lakini zikianza kugombana utakuwa na washukiwa wawili. Kwa mashine ya matokeo ya mitihani, toa ile 4, weka mbili zinazofanana.

Mama mmoja mwenye saiba alisema mashine zake ni nzito, je, aongeze RAM? Nikamwambia, mama, usinunue bado. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tazama pale kwenye Memory saa ambayo wateja wamejaa. Kama iko asilimia 90, naam, ongeza. Kama iko 50 na Disk iko 100, mwenye kosa ni ile diski ya kuzunguka, na SSD ndogo, diski isiyozunguka, itakufaa kuliko RAM yoyote.

Kijana mmoja akauliza DDR5, maana ameshasikia ina ECC ndani. Inayo, lakini ile ni ya kusahihisha makosa ndani ya chipu yenyewe. Njia ya kutoka kwenye chipu mpaka kwenye prosesa hailindwi nayo, kwa hivyo si sawa na ile ya seva. Na kama unajenga mashine ya DDR5, weka vipande viwili vikubwa badala ya vinne vidogo. Vinne vinailemea prosesa, na mara nyingi vinashushwa kasi.

Walio na fleshi wazilete hapa mezani, ya GB 1 inatosha. Toeni faili zenu kwanza, kwa sababu nikiweka Memtest zitafutika.